Kamera ya Mezani na Sayari ya Mshtarii: Historia Fupi ya Chombo Duni

Historia ya elimu ya falaki husimuliwa kwa kawaida kama historia ya vyombo vikubwa. Kioo cha mita 2.5 kule Mount Wilson, kioo cha mita 5 kule Palomar, kisha Hubble iliyorushwa angani mwaka 1990: kila kimoja na taifa au tajiri wake aliyekilipia. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yana athari ya kisiasa ambayo hatuisemi. Yanawafundisha watu wa mataifa yasiyo na vyombo hivyo kwamba kazi yao ni kusubiri. Makala haya yanahusu chombo cha aina nyingine, yaani kamera ya wavuti, ile kamera ndogo ya bei nafuu inayochomekwa kwenye kompyuta kwa ajili ya mazungumzo ya video. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kamera hiyo imebadili jibu la swali la nani anaweza kupiga picha ya sayari yenye manufaa kwa sayansi.

Asili yake haina utukufu wowote. Mwaka 1991 watafiti wa maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge walielekeza kamera kwenye birika la kahawa, ili wenzao waone kwenye kompyuta zao kama kahawa ipo kabla ya kujisumbua kuinuka. Miaka mitatu baadaye kampuni ya Connectix ya Marekani ikaanza kuuza QuickCam, mpira mdogo wenye jicho, kwa takriban dola 100. Picha yake ilikuwa na pikseli 320 kwa 240 na ngazi 16 tu za kijivu. Ilitengenezwa kwa ajili ya nyuso za watu waliokaa mezani, wala hakuna aliyeifikiria sayari ya Zohali.

Ili kuelewa kwa nini kitu hafifu kama hicho kilileta mageuzi, lazima turudi nyuma zaidi. John William Draper alipiga picha ya Mwezi jijini New York mwaka 1840, na kabla karne ya 19 haijaisha upigaji picha ulikwishapata mafanikio makubwa kwa nyota na nebula. Sayari zikagoma. Sababu ni hewa. Anayetazama sayari kwa darubini hutazama kama mtu anayechungulia kokoto chini ya maji ya kijito: umbo linacheza, linafifia, kisha kwa nukta moja linatulia na kuonekana wazi, halafu linavurugika tena. Filamu ilihitaji kukusanya mwanga kwa sekunde nzima au zaidi, hivyo ilichanganya nukta ya utulivu na nukta zote za vurugu, na matokeo yake yakawa ukungu. Jicho la binadamu liliweza kuidaka ile nukta njema. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 100 baada ya Draper, ramani bora za sayari ziliendelea kuchorwa kwa penseli.

Hapo pana tatizo la mamlaka. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli wa Italia alichora mistari juu ya Mirihi. Percival Lowell, tajiri wa Boston aliyejijengea kituo chake cha falaki kule Arizona mwaka 1894, akaifanya mistari hiyo kuwa mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili, akaandika vitabu na kuzunguka akitoa mihadhara. Nani angempinga? Ushahidi ulikuwa ndani ya jicho lake, na darubini ilikuwa mali yake. Picha zilizopigwa kituoni kwake mwaka 1905 zilikuwa ndogo na hafifu kiasi kwamba aliyeamini aliiona mifereji na asiyeamini hakuiona. Eugène Antoniadi alitumia darubini ya sentimita 83 ya Meudon, karibu na Paris, mwaka 1909, akaona mistari ikisambaratika na kuwa madoadoa, lakini ubishi haukufungwa kabisa hadi chombo cha Mariner 4 kilipopita karibu na Mirihi mwaka 1965 na kutuma picha. Wanafunzi wangu hupenda kuuchukulia mkasa huu kama kichekesho. Mimi nauona kama somo la nini hutokea pale ushahidi unapokuwa kitu ambacho wengine hawawezi kukirudia.

Mwaka 1978 mwanafizikia David Fried alichapisha hesabu ya uwezekano wa kupata picha ya bahati, yaani picha fupi sana iliyopigwa wakati hewa imetulia. Hesabu hiyo ilionyesha kwamba kadiri kioo cha darubini kinavyokuwa kikubwa, ndivyo nyakati za bahati zinavyokuwa adimu, na kwa kasi kubwa. Darubini ndogo hupata bahati mara nyingi zaidi. Kilichokosekana kwa mtu wa kawaida kilikuwa chombo cha kupiga picha fupi nyingi mfululizo, kwa bei anayoimudu.

Kamera ya wavuti ilikuwa ndicho chombo hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliyopendwa zaidi na wanafalaki wa ridhaa ilikuwa ToUcam Pro ya Philips, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na kihisi cha CCD cha Sony chenye kuhisi mwanga vizuri kuliko bei yake ilivyodai. Mtu aliifungua lenzi ndogo ya mbele na kuiweka kando, kwa sababu sasa darubini yenyewe ndiyo lenzi. Kisha alihitaji kipande cha bomba chenye upana wa inchi moja na robo ili kamera iingie mahali pa lenzi ya jicho. Wengi walitumia kikopo cha plastiki cha filamu ya milimita 35, ambacho kwa sadfa kilikaribiana sana na upana huo. Nakipenda kisa hiki: teknolojia mpya iliegemea ganda la ile iliyokuwa inaizika.

Kilichofuata kilihitaji subira kuliko fedha. Kihisi kina upana wa milimita 3.6 hivi, kwa hiyo kuiingiza sayari kwenye fremu ni kazi ya jasho. Mwanafunzi anayeanza hushauriwa aanze na Mwezi, ambao haupotei. Sayari ikishapatikana, hurekodiwa video ya dakika mbili kwa fremu 10 kila sekunde, yaani fremu 1,200. Video haiwezi kurefushwa ovyo, kwani Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10, na alama zake husogea wakati kamera ingali inarekodi. Kila fremu peke yake ni duni, imejaa chengachenga kama televisheni yenye antena mbovu. Lakini chenga hutokea ovyo ilhali sayari haibadiliki. Ukichagua fremu 400 zilizotulia na kuzipanga moja juu ya nyingine, chenga hupungua mara 20, ambayo ni kipeuo cha pili cha 400. Hapo mikanda ya mawingu hujitokeza. Kazi ya kuchagua na kupanga iliyowachosha watu macho ikarahisishwa mwaka 2002, pale Cor Berrevoets wa Uholanzi alipotoa programu ya RegiStax, bure, kwa yeyote mwenye kompyuta.

Nebula na galaksi zilibaki nje ya uwezo wake, maana hizo hudai mwanga wa dakika nyingi. Mwingereza Steve Chambers alibuni njia ya kurekebisha saketi za kamera hizo ili zikusanye mwanga kwa muda mrefu, na maelezo yake yakasambazwa kwa kila aliyeweza kushika chuma cha kulehemu. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilifika kilomita milioni 55.8 kutoka Duniani, karibu kuliko ilivyowahi kuwa kwa takriban miaka 60,000. Picha zilizotoka kwenye nyua za nyumba mwaka huo zilionyesha barafu ya ncha ya kusini ikipungua kadiri wiki zilivyopita. Mifereji haikuwepo, na safari hii kila mwenye shaka aliweza kwenda nje na kujihakikishia.

Kisha ukaja ugunduzi. Februari 2006 Christopher Go wa Cebu, Ufilipino, ambaye hakuwa mwajiriwa wa kituo chochote cha falaki, alitambua kwamba dhoruba moja ya Mshtarii iliyokuwa nyeupe imegeuka nyekundu. Hubble ilielekezwa huko miezi miwili baadaye. Tarehe 19 Julai 2009 Anthony Wesley, mtayarishaji wa programu za kompyuta katika kijiji cha Murrumbateman, Australia, aliona doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii. Kitu kilikuwa kimeigonga sayari, na hakuna kituo kikubwa kilichokuwa kimeona. Tarehe 3 Juni 2010 Wesley alirekodi mwako wa sekunde mbili hivi kwenye sayari hiyo hiyo, na Go, alipokagua video yake ya usiku ule, akaukuta mwako huo huo. Majina yao yamo miongoni mwa waandishi wa makala ya kitaalamu iliyoueleza. Kufikia wakati huo watu hawa walikuwa wamekwishahamia kwenye kamera za viwandani zilizo bora zaidi, na darubini ya Wesley, yenye kioo cha sentimita 37, haikuwa ya maskini. Mbinu ilikuwa ile ile ya kikopo cha filamu.

Mimi si muumini wa hadithi kwamba chombo cha bei nafuu huleta usawa chenyewe. Darubini bado hugharimu, kompyuta hugharimu, na usiku wa kukesha ni anasa kwa anayeamka alfajiri kuwahi daladala. Lakini Ufilipino si taifa tajiri. Nimesoma maandiko ya miradi katika vyuo vyetu ambayo bajeti ya jengo hutangulia swali la utafiti, na kauli ya "hatuna vifaa" imekuwa pazia la kufunika ukosefu wa swali. Tulikwishawahi kuwa karibu sana na vifaa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya falaki ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Chombo kilikuwa cha Wamarekani. Sisi tulichangia bahari na neno.

Anga letu, hata hivyo, si la kuazima. Kutoka London, Mshtarii ikiwa katika miaka yake ya kusini haipandi zaidi ya nyuzi 15 juu ya upeo, na mwanga wake hupita kwenye hewa nene iliyovurugika. Damian Peach, Mwingereza aliye miongoni mwa mabingwa wa picha hizi, amesafiri hadi Barbados kutafuta anga bora. Kutoka Dar es Salaam, Mshtarii ikifika kilele chake haishuki chini ya takriban nyuzi 60, mwaka wowote. Tena kati ya Cebu na pwani yetu pana tofauti ya saa tano, ambayo ni karibu nusu ya mzunguko mmoja wa Mshtarii. Saa kumi na mbili asubuhi ya Cebu, Go anapofunika darubini yake, hapa ni saa saba ya usiku, na upande wa sayari unaotutazama ni ule aliokuwa hawezi kuuona saa tano zilizopita.