Dalili ya Mvua: Namna Watu Walivyojifunza Kuchungua Hali ya Hewa

Wazee wetu walisema: Dalili ya mvua ni mawingu. Neno hilo ni la kweli, wala hatutaki kulidharau. Mama anayetazama upande wa mawingu kabla ya kuanika mihogo yake, na mvuvi wa ziwa Tanganyika anayesikiliza upepo kabla ya kusukuma mtumbwi majini, hao wote wanachungua hali ya hewa. Lakini mtu anayetazama mbingu ya kijiji chake tu, anajua habari za kijiji chake tu.

Tutoe mfano. Mwezi wa saba mtu wa Lubumbashi atasema: "Sasa ni kiangazi, hatuoni hata tone la mvua." Siku zile zile mtu wa Isiro, kule kaskazini ya ikweta, anakanyaga matope. Hakuna aliyesema uwongo. Nchi ya Kongo imekatwa na ikweta, na majira ya upande mmoja si majira ya upande wa pili. Basi ni nani anayejua hali ya hewa ya Kongo? Si huyu wala si yule. Ni mtu atakayeweka pamoja maneno ya wote wawili, yaliyoandikwa siku moja na saa moja.

Hayo ndiyo tunayotaka kuwaeleza wasomaji wetu. Elimu ya hali ya hewa haikujengwa na wenye akili za ajabu peke yao. Ilijengwa na watu waaminifu walioandika kila siku, kisha wakapelekeana habari. Na pale watu walipofunga njia ya habari za jirani, hatari ilikuwa kubwa mno, kama tutakavyoona.

Hewa ina uzito

Zamani wataalamu wengi walidhani kwamba hewa haina uzito wo wote. Mwaka 1643, katika nchi ya Italia, Evangelista Torricelli, aliyekuwa msaidizi wa Galileo katika siku zake za mwisho, alifikiri jaribio moja jepesi. Wakachukua mrija wa kioo wenye urefu wa karibu meta moja, wakaujaza zebaki, wakaziba mdomo kwa kidole, wakaupindua ndani ya bakuli lenye zebaki. Kidole kilipoondolewa, zebaki haikumwagika yote. Ilishuka kidogo, ikasimama kwenye kimo cha sentimeta 76 hivi. Ni nini kilichoishika? Torricelli alijibu kwamba ni hewa ya nje, inayokandamiza zebaki iliyo katika bakuli. Sisi tunakaa chini ya hewa kama samaki wanavyokaa chini ya maji.

Mfaransa mmoja, Blaise Pascal, akawaza hivi: kama ndivyo, basi juu ya mlima hewa iliyobaki juu yetu ni kidogo, na zebaki lazima ishuke. Yeye hakuweza kwenda mwenyewe, akamwomba shemeji yake, Florin Périer, aliyekaa Clermont. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda mlima Puy de Dôme, wenye kimo cha meta 1,465. Huko juu zebaki ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimeta 8. Hivyo ikahakikishwa kwamba hewa ina uzito.

Watu humsifu Périer aliyepanda, na ni haki yake. Lakini tusimsahau mtu wa pili. Kabla ya kuondoka, Périer aliacha mrija mwingine chini mjini, katika bustani ya watawa, akamwomba Padri Chastin auangalie mchana kutwa. Padri huyo alikaa, akaangalia, na jioni akatoa habari: zebaki haikusogea hata kidogo. Bila neno lake, mtu angeweza kusema: "Labda hewa ya nchi nzima ilibadilika siku ile, mlima haukufanya kitu." Yule aliyekaa chini na kutazama kitu kisichosogea, naye alilihakikisha jambo sawasawa na yule aliyepanda.

Baada ya hapo watu waligundua kwamba hata mahali pamoja zebaki haitulii siku zote. Mara nyingi hushuka kabla ya dhoruba, na hupanda wakati wa hewa tulivu. Ndipo mrija ule ukawa chombo cha kuchungulia hali ya hewa, tunachokiita barometa.

Daftari moja halitoshi

Mwaka 1654, katika Toscana ya Italia, mtawala Ferdinando wa Pili wa ukoo wa Medici alianzisha jambo jipya. Akisaidiwa na Padri Luigi Antinori wa Shirika la Yezu, aligawa vyombo vya namna moja kwa watu wa miji mbalimbali: Firenze, Bologna, Milano, hata Paris na Warszawa. Katika milima ya Vallombrosa watawa ndio walioandika. Kazi hiyo ilikoma mwaka 1667, lakini mfano ulikuwa umekwisha kutolewa.

Mwaka 1780 chama cha Mannheim, Ujerumani, ambacho katibu wake alikuwa Padri Johann Jakob Hemmer, kilifanya vivyo hivyo kwa upana zaidi. Vituo vyake vilifika 39, toka milima ya Ural mpaka Amerika ya Kaskazini. Kila kituo kilipata vyombo vilivyolinganishwa, na wote walipaswa kuandika saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku. Pengine msomaji atauliza: Kwa nini washike saa zile zile? Tunajibu: mchana ni joto, usiku ni baridi. Kama leo unapima alfajiri na kesho adhuhuri, hukupima mabadiliko ya hali ya hewa. Umepima uvivu wako tu.

Mawingu nayo yalihitaji majina ambayo watu wa nchi zote wangeyafahamu. Mwaka 1802 Mwingereza Luke Howard, muuza dawa wa London, aliyapa majina ya Kilatini: cirrus, maana yake msokoto wa nywele, ndiyo yale membamba ya juu sana, cumulus, yaani lundo, stratus, yaani tandiko, na nimbus, wingu la mvua. Majina hayo yanatumika mpaka leo.

Ila ilibaki shida moja. Barua ilisafiri kwa farasi, na dhoruba ilikwenda mbio kuliko farasi. Habari zilipofika, maafa yalikuwa yamekwisha pita. Shida hiyo iliondolewa na waya za telegrafu. Tarehe 14 Novemba 1854 tufani kali ilizamisha merikebu nyingi za Waingereza na Wafaransa karibu na Balaklava, katika Bahari Nyeusi. Mtaalamu wa nyota Le Verrier alikusanya habari kutoka nchi nyingi, akaona kwamba tufani ile haikuzaliwa pale. Ilikuwa imetembea Ulaya siku kadhaa. Basi kama watu wa magharibi wangalipeleka habari kwa waya, wale wa mashariki wangaliweza kuonywa.

Padri Viñes wa Havana

Twende sasa katika kisiwa cha Cuba, ambako vimbunga vya baharini hupiga hasa toka Agosti mpaka Oktoba. Mwaka 1870 alifika Havana Padri Benito Viñes, Mkatalani wa Shirika la Yezu, aliyezaliwa mwaka 1837. Alipewa kazi ya kuongoza kituo cha kuchunguza hewa katika chuo cha Belén. Alikuta nini? Alikuta madaftari ya watangulizi wake, ya miaka kumi na zaidi. Hakuyaweka kabatini. Aliyasoma ukurasa kwa ukurasa, akitafuta: kabla ya kila kimbunga, barometa ilifanyaje? Upepo ulitoka wapi? Mawingu ya juu yalikwenda upande gani, na yale ya chini upande gani?

Yeye mwenyewe aliendelea kuandika mara nyingi kila siku, toka alfajiri mpaka usiku. Hivyo alitambua kwamba yale mawingu membamba ya juu kabisa hutoka katika kiini cha kimbunga kama miali, hata kimbunga kikiwa bado mbali sana. Ukifuata miali hiyo kwa macho mpaka inapokutana chini ya mbingu, unajua kimbunga kiko upande gani.

Tarehe 11 Septemba 1875 Padri Viñes alitoa katika magazeti ya Havana onyo kwamba kimbunga kinakuja. Siku mbili baadaye kimbunga kilipiga pwani ya kusini ya Cuba. Tangu hapo mabaharia na wafanya biashara walimsikiliza. Wenye meli na wenye waya walimsaidia kupata habari za visiwa vingine vya Antili. Baada ya vimbunga vya mwaka 1876 alisafiri kisiwani, akitazama miti na nyumba zimeangukia upande gani, apate kujua njia ya upepo. Aliendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1893, na Padri Lorenzo Gangoite akashika mahali pake.

Mwaka 1900: waya zilifungwa

Baada ya vita ya mwaka 1898 Cuba ilitawaliwa kwa muda na Marekani. Ofisi ya hali ya hewa ya Marekani ilifungua kituo chake Havana. Wakubwa wake hawakupendezwa na maonyo ya Wacuba, wakidhani yanatia watu hofu bure. Mwishoni mwa Agosti 1900 walifanya hata telegramu za hali ya hewa za Wacuba zikazuiwa katika waya za serikali.

Siku chache tu baadaye, mwanzoni mwa Septemba, tufani ilipita Cuba ikileta mvua nyingi. Ofisi ya Marekani ilitangaza kwamba itageukia kaskazini, kupita Florida na kuelekea Atlantiki. Huko Belén Padri Gangoite alizisoma dalili kwa namna nyingine: imegeuka kimbunga kamili, nacho kinakwenda magharibi-kaskazini, upande wa Texas. Neno lake halikuvuka bahari.

Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kilifika Galveston, mji wa Texas uliojengwa juu ya kisiwa cha mchanga. Mahali pa juu kabisa pa mji palizidi bahari kwa meta 2.7 tu, nayo maji yalipanda zaidi ya meta 4. Watu waliokufa hawakupungua 6,000. Wengi husema 8,000. Ni maafa ya hali ya hewa yaliyoua watu wengi kuliko yote katika historia ya Marekani.

Tuseme haki. Bendera ya kuonya dhoruba ilitwekwa Galveston siku iliyotangulia, na hakuna awezaye kuhesabu ni wangapi wangalipona kama telegramu za Belén zingalipita. Lakini jambo moja ni wazi. Miaka 25 nyuma, kimbunga kile kile cha Padri Viñes cha mwaka 1875 kilipotoka Cuba kilikwenda kupiga Indianola, mji mwingine wa pwani ya Texas. Njia ya Cuba mpaka Texas ilikuwa imekwisha andikwa katika madaftari. Hawakukosa elimu, ilikuwako ng'ambo ya maji, na mlango ukafungwa.

Namna ya kuanza

Tangu mkutano wa Vienna wa mwaka 1873 mataifa yamekubaliana kupelekeana habari za hewa, na tangu mwaka 1950 liko Shirika la Dunia la Hali ya Hewa. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofaulu, TIROS-1, ilirushwa tarehe 1 Aprili 1960. Hata hivyo setilaiti haikuondoa kazi ya mtu wa chini. Yeye ndiye anayesema mvua iliyoanguka katika shamba lile ni kiasi gani hasa.

Kwa hiyo mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuanza na vitu vichache. Watafute kopo lenye kuta zilizonyoka, mdomo na kitako sawa, walisimamishe mahali pa wazi mbali na miti na paa. Kila asubuhi, saa ile ile, wapime maji kwa rula, kisha wayamwage. Milimeta 10 za maji maana yake kila meta ya mraba ya shamba imepokea lita 10. Kipima-joto kiwekwe kivulini, penye hewa inayopita, katika kimo cha meta moja na nusu hivi. Mbingu igawanywe kwa mawazo katika sehemu 8, waandike ni sehemu ngapi zimefunikwa na mawingu. Upepo waupe jina la upande unakotoka, si unakokwenda.

Kuna kanuni moja inayopita zote. Siku usipopima, uache nafasi tupu, uandike: "Hatukupima." Usiandike sifuri, usikisie. Sifuri maana yake mvua haikunyesha. Na mtu atakayesoma daftari lako miaka 20 baadaye atakuamini, kama Padri Viñes alivyowaamini watangulizi wake. Kosa la leo litamdanganya mtu asiyezaliwa bado.

Na madaftari yakiisha kujaa, msiyafungie. Shule ya bondeni ipeleke lake kwa shule ya mlimani, nayo ipokee la kule. Wayalinganishe siku kwa siku. Ndipo watakapoona mvua inavyotembea kutoka kilima mpaka kilima, jambo ambalo hakuna hata mmoja wao angaliliona akiwa peke yake.