Macho ya Jirani: Jibu Langu kwa Shangazi

Nimekuwa kimya wiki nyingi. Zamu za usiku zimenibana, nikitoka kazini ni kulala, nikiamka ni kazini tena. Lakini Jumapili Shangazi kanipigia simu na kunipa kazi, na kazi ya Shangazi haikataliki.

Mnajua yaliyotokea mtaani kwetu Tanga. Nyumba ya yule bibi mjane imevunjwa, wamebeba televisheni, jiko la gesi na cherehani yake, ambayo ndiyo ilikuwa inamlisha. Sasa wanamtaa wanavutana. Wengine wanataka kila nyumba ichange tuweke geti na mlinzi, wengine wanataka vijana wapewe fimbo wazunguke usiku. Shangazi akaniuliza, "Huko kwa Wazungu mnafanyaje?" Nikamwambia ngoja nitaandika, maana ni hadithi ndefu.

Basi nianze na mtaa ninaoishi, huku kaskazini mwa Manchester. Kwenye nguzo ya taa pana kibao kinachosema kwamba wakazi wa hapa wanaulinda mtaa wao. Nilipohamia sikukipenda hata kidogo. Kila asubuhi nikirudi kutoka zamu ya usiku, pazia la nyumba ya mbele linasogea. Nikajua tu: mimi ndiye ninayelindwa! Mweusi, mgeni, anatembea alfajiri na begi. Nilinuna miezi mizima. Halafu baridi ya kwanza ikanipiga, nikalala na homa siku tatu bila kutoka. Siku ya tatu mlango ukagongwa. Ni yule mama wa pazia, ana supu mkononi. Kasema hajaniona nikipita, akapata wasiwasi. Mimi nesi, nikanyweshwa supu na jirani ambaye sikuwa nalijua hata jina lake.

Tangu siku hiyo nikataka kujua hii habari ya kulindana mitaani ilianzia wapi.

Wengi huanza kuisimulia kutoka New York. Usiku wa tarehe 13 Machi 1964, dada mmoja aitwaye Kitty Genovese, miaka 28, alikuwa anarudi kutoka kazini kwenye baa, eneo la Queens. Akavamiwa na kuchomwa kisu karibu kabisa na nyumba aliyokuwa akiishi. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times likaandika kwamba watu 38 walishuhudia na hakuna aliyefanya kitu. Nchi nzima ikashtuka. Habari hiyo ikafundishwa vyuoni miaka na miaka, hata sisi kwenye saikolojia ya uuguzi tuliisoma.

Kumbe haikuwa hivyo. Waliochunguza baadaye walikuta kwamba walioona kwa macho walikuwa wachache sana. Mwanamume mmoja alipiga kelele dirishani na mshambuliaji akakimbia, ila akarudi. Na jirani mmoja, Sophia Farrar, alishuka ngazi usiku ule bila kujua kama muuaji bado yupo, akampakata Kitty mpaka msaada ulipofika. Mwaka 2016 gazeti lenyewe lilikiri kwamba taarifa yake ya mwanzo ilikuwa na kasoro. Lakini kwa zaidi ya miaka 50 dunia ilikumbuka majirani 38 wabaya, ikamsahau mmoja mwema. Mimi ninayekaa na wagonjwa saa zao za mwisho, huyo Sophia ndiye ninayemkumbuka.

Hofu ile ndiyo iliyojenga mengi yaliyofuata. Mwaka 1972 chama cha masherifu wa Marekani kilianzisha mpango wa taifa wa wakazi kuangalia mitaa yao na kutoa taarifa polisi. Miaka 10 baadaye, 1982, wazo likavuka bahari hadi kijiji cha Mollington, karibu na Chester, ambako kikundi cha kwanza cha aina hiyo Uingereza kilianzishwa. Likasambaa kama moto wa makuti, vibao kila kona.

Je, wizi ulipungua? Hapa ndipo nataka Shangazi asikilize vizuri. Mtafiti Trevor Bennett alichunguza mitaa miwili ya London yenye vikundi hivyo miaka ya 1980, akakuta wizi haukupungua. Na vikundi vingi vilichipua kwenye mitaa yenye nafuu, yenye watu wanaomiliki nyumba zao, siyo kule wizi ulikokithiri. Kibao kwenye nguzo hakimkamati mwizi, ndugu zangu.

Lakini si mbali na hapa ninapoishi, mjini Rochdale, kuna mtaa wa nyumba za serikali unaoitwa Kirkholt. Mwaka 1985 karibu nyumba moja katika kila nne iliibiwa kwa mwaka huo mmoja tu! Polisi, halmashauri, maofisa wa mahakama wanaosimamia wafungwa waliopewa kifungo cha nje, na watafiti, mmoja wao Ken Pease, wakakaa pamoja. Hawakuanza na geti. Walianza kwa kuuliza. Wakawahoji walioibiwa, wakawahoji majirani, hata wezi wenyewe waliokamatwa.

Wakagundua mambo mawili. La kwanza, nyumba nyingi zilikuwa na mita za gesi na umeme za kutumbukiza sarafu, kwa hiyo kila nyumba ya maskini ilikuwa na kibubu ukutani na mwizi anajua kilipo. Wakaziondoa. La pili ndilo lililonishangaza: nyumba iliyokwisha kuibiwa ilikuwa na hatari ya kuibiwa tena zaidi ya mara nne kuliko nyingine. Mwizi ameshaijua njia, ameshaujua mlango, na anajua vilivyochukuliwa vitanunuliwa vingine.

Basi wakafanya hivi. Nyumba ikiibiwa, mlango na madirisha yake yanaimarishwa upesi. Halafu majirani kama sita wanaoizunguka wanaombwa waiangalie nyumba hiyo kwa karibu. Siyo mtaa mzima kuangalia kila mtu, hapana, majirani sita kumwangalia mwenzao mmoja aliyeumizwa. Katika miaka mitatu hivi wizi wa majumbani Kirkholt ulishuka kwa kiasi cha robo tatu. Robo tatu!

Nilipoisoma nikacheka peke yangu. Si ni nyumba kumi hii? Wakubwa mnakumbuka, TANU ilipoweka mabalozi wa nyumba kumi kumi miaka ya 1960. Mgeni akilala kwako unampeleka kwa balozi, ugomvi wa mke na mume unaanzia kwa balozi. Kweli yalikuwepo ya kukera, chama kujua mpaka unachopika. Na vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi akabaki mtu wa chama kimoja, wengine wakaacha kumsikiliza. Lakini ilikuwa inajulikana nani anaishi wapi, nani mgonjwa, nani hajaonekana.

Na tulikuwa na sungusungu. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Usukumani na Unyamwezini, kupambana na wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Wizi ulipungua sehemu nyingi. Ila kulikuwa pia na watu waliopigwa, na vikongwe walioandamwa kwa madai ya uchawi. Hata Marekani hayo yapo. Februari 2012, mjini Sanford, Florida, kijana wa miaka 17 aitwaye Trayvon Martin, hana silaha, anatoka dukani kununua peremende, alipigwa risasi na kufa. Aliyempiga alikuwa mratibu wa ulinzi wa mtaa. Mahakama ilimwachia mwaka 2013. Kila nikitembea alfajiri na begi langu namkumbuka kijana yule.

Ndiyo maana, Shangazi, hili la fimbo mimi silikubali. Kijana wa miaka 19 usiku, ana fimbo na hofu, atamkuta mtoto wa watu anatoka shule ya bweni, na mtaa mzima utabeba damu hiyo.

Kuna utafiti mwingine wa Chicago, wa Robert Sampson na wenzake, uliotoka mwaka 1997. Walihoji watu 8,782 katika mitaa 343. Waliuliza mambo ya kawaida tu: watoto wakitoroka shule wakazurura, jirani atasema neno? Watu wa hapa wanaaminiana? Mitaa ambayo watu walijibu ndiyo ilikuwa na ukatili mdogo zaidi, hata ukilinganisha mitaa yenye umaskini sawa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kabla ya kuchangia geti, nani ameshakwenda kwa bibi? Mlango wake umetengenezwa au umeegeshwa na kabati? Maana kama ya Kirkholt ni kweli hata kwetu, wale watu wakirudi watarudi kwake, hasa akishanunua cherehani nyingine. Tafuteni nyumba sita zinazomzunguka. Kila moja iwe na namba yake ya simu, na mtoto mmoja apite kila jioni kumwamkia. Taa ya nje mimi nitainunua, na fundi wa komeo nitamlipa, nimeshamtumia kaka fedha leo asubuhi. Cherehani tuchange sote, mlioko Muscat na Minnesota mnanisikia!

Geti mtajadili baadaye. Jana nilimpikia mama wa pazia pilau, kala kasema pilipili nyingi. Nalijua jina lake sasa, na yeye lake la kwangu analitamka vibaya lakini analitamka.

Haya, nakwenda kulala, usiku niko kazini. Nisalimieni bibi.