Mgeni na Jembe: Chama cha Mwethya

Malili iko Makueni, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa. Ni nchi ya mvua chache, na mvua hiyo inyeshapo huchukua udongo upesi. Katika nchi ya namna hii mtu hawezi kuishi peke yake. Ndiyo sababu Wakamba tangu kale walikuwa na mwethya, yaani majirani kusaidiana kazi kwa zamu. Mwenye kulima au kujenga aliwaita wenzake, akawaandalia chakula; nao walipomwita, hakuwa na budi kwenda.

Basi mgeni aliingiaje katika umoja huo? Maneno matamu hayakutosha. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Aliyetoa jasho katika shamba la jirani alikuwa na haki ya kutazamia jasho la jirani katika shamba lake.

Walakini moyo wa kushirikiana hauletwi kwa amri. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ikisema yaokoa udongo, iliwatwaa ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu. Muindi Mbingu akawaongoza watu wengi hadi Nairobi kulalamika. Naye akahamishwa kwa lazima hadi Lamu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ililitumia jina la mwethya kuwalazimisha watu kuchimba matuta. Watu walikwenda, lakini kwa uzito wa moyo.

Katika miaka ya 1950 watu walianza kuachiwa kuchagua wenyewe wenzao na viongozi wao. Hapo kazi ikachangamka. Wengi wao walikuwa wanawake, kwa maana waume wengi walikuwa wakifanya kazi mbali. Walichimba mitaro na kuutupa udongo upande wa juu, wakapata matuta yaitwayo "fanya juu", jina la Kiswahili ambalo wataalamu wa kilimo wa nchi nyingi walijua hata leo. Jembe lilikuwa lile lile. Ila sasa aliyelishika alijiona mwenye chama.

Mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili ili kujenga mji mpya wa Konza. Wageni huja, nao sharti waishi na wenyeji. Nanyi vijana, mkiingia katika chama chochote, msiulize kwanza, "Je, watanipenda?" Ulizeni, "Kazi iko wapi?" Na mkiwa wenyeji, mwachieni mgeni nafasi ya kulishika jembe kwa hiari yake.