Vigae vya umeme: tusubiri au tupaue?

Huku Michigan baridi imeanza kupiga hodi, ila kilichonileta leo si baridi. Ni mjomba.

Nyumba ya mama kule Korogwe imefika lenta. Wiki iliyopita mjomba kanitumia video kwenye WhatsApp. Nyumba ya Kizungu, paa limetulia, paneli hazionekani, na bado linatoa umeme. Vigae vyenyewe ndiyo sola. Akaniuliza, "Mpwa wangu, wewe uko huko huko vinakotengenezwa. Tusimamishe kupaua tuvisubiri?"

Nikiri kwamba kidogo niseme ndiyo. Nani hataki kusikia watu wakisema nyumba ya mama fulani ina paa la aina yake? Lakini mvua za vuli hazisubiri mtu, na kuta zisizo na paa ndizo zinazolowa. Kwa hiyo kabla ya kujibu nikaona niangalie historia ya jambo hili. Kumbe ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Mwaka 1884, miaka miwili tu baada ya Edison kuanza kuuza umeme New York, fundi mmoja wa mji huo huo, Charles Fritts, aliweka juu ya paa vibao vya seleniamu vilivyofunikwa na utando mwembamba wa dhahabu. Jua likiwaka, vikatoa umeme. Ila chini ya asilimia 1 ya nguvu ya jua ndiyo iliyogeuka umeme, basi hakuna aliyeacha makaa ya mawe kwa ajili yake.

Ikapita miaka 70. Mwaka 1954 wataalamu watatu wa Bell Labs, Chapin, Fuller na Pearson, walionyesha seli ya silikoni iliyofika asilimia 6. Hesabu aliyopiga Chapin miaka miwili baadaye ilikatisha tamaa: wati moja ilikuwa karibu dola 286. Kuendesha nyumba ya kawaida kungegharimu zaidi ya dola milioni 1! Seli hizo zikaenda angani kwenye setilaiti, ambako bei haikuulizwa sana.

Sola ilirudi kwenye nyumba mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Delaware kilipojenga nyumba iliyoitwa Solar One, sola ikiwa sehemu ya paa lenyewe. Hapa pana jambo ambalo naomba mjomba alishike. Wajenzi wale walijua kwamba sola inapata joto kali, kwa hiyo walipitisha hewa chini yake na kulipeleka joto lile ndani ya nyumba. Seli ya silikoni inapenda mwanga, haipendi joto. Kila nyuzi moja inayozidi hupunguza umeme kwa karibu asilimia 0.3 hadi 0.5. Kigae kilicholala juu ya mbao bila nafasi chini yake hakipati pa kupumulia. Sasa fikiria jua la Korogwe mwezi wa pili.

Vigae vyenyewe vilikuja miaka ya 1990, tena hapa hapa Michigan. Kampuni ya United Solar ilitengeneza vigae laini vya kupigilia misumari kama vile vya lami vinavyoezeka nyumba nyingi za huku. Watu walivisifu sana. Mwaka 2012 kampuni mama ikafilisika. Dow, nayo ya Michigan, ilitangaza vyake mwaka 2009 na jarida la Time likavitaja miongoni mwa uvumbuzi bora wa mwaka. Mwaka 2016 Dow ikaachana navyo. Mwaka huo huo Elon Musk akaonyesha paa la vioo la Tesla kwenye mtaa wa maigizo ya televisheni huko Los Angeles. Mwaka 2021 bei yake ikapanda. Mwaka 2022 kampuni ya kuezeka ya GAF ikaleta kigae cha wati 45 ambacho fundi paa wa kawaida anakipigilia kwa misumari. Hata kwetu Afrika Mashariki wapo waliojaribu: Strauss Energy ya Nairobi ilitengeneza vigae vya namna hiyo.

Kwa nini wengi wameanguka? Si kwamba vigae havitoi umeme. Vinatoa. Tatizo ni kwamba wakati wao wakihangaika kuificha sola, paneli ya kawaida ilizidi kuwa bei poa mwaka hadi mwaka, na leo nyingi zinapita asilimia 20. Tena kigae ni kidogo, kwa hiyo paa moja lina viungio vya nyaya mamia, na kila kiungio kinaweza kuharibika. Paneli ikifa unaitoa, unaweka ya kampuni nyingine. Kigae kikifa na aliyekitengeneza ameshafunga, utapata wapi kingine cha umbo lile? Na hicho ndicho kinachokukinga na mvua!

Mjomba, shikamoo. Jibu langu ni hili: pauene. Bati geji 28, na mwambieni fundi akaze kenchi mapema ziweze kubeba paneli. Paneli za kawaida zitakuja juu ya bati, ziinuliwe kidogo hewa ipite chini. Tuanze na mbili na betri moja, taa na redio ya mama ziwake. Nyingine zitafuata panapo majaliwa.

Zitaonekana, ndiyo. Hata za yule bwana wa 1884 zilionekana. Mama hajawahi kuniomba paa la kupendeza. Aliomba lisivuje.

Nawe uliyeko nyumbani unatumia sola, tuambie imekuwaje. Msalimieni bibi. Tuko pamoja.