Dawa za usingizi na ubongo unaokua: yai la kuku linatufundisha nini?

Baada ya kukimbia vita, watu wengi hukosa usingizi. Baadhi hununua vidonge vya diazepamu, vinavyojulikana pia kama Valium, bila cheti cha daktari. Makala hii inaeleza jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi, na kwa nini mjamzito anapaswa kuwa mwangalifu zaidi.

Dawa hizi hufanya nini kwenye ubongo?

Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali. Kemikali kuu ya kutuliza inaitwa gaba. Gaba hushika sehemu maalumu ya seli inayoitwa kipokezi. Kipokezi ni kama mlango: kikishikwa na gaba hufunguka, chembe za kloridi huingia na seli hutulia.

Diazepamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, haifungui mlango huo yenyewe. Ni kama mafuta kwenye bawaba: huufanya mlango ufunguke mara nyingi zaidi gaba inapofika. Ndiyo maana mtu husinzia na misuli hulegea.

Kwa nini watafiti hutumia mayai ya kuku?

Kifaranga huanguliwa baada ya siku 21 hivi. Ubongo wake hukua ndani ya yai, nje ya mwili wa mama, hivyo ni rahisi kuufuatilia siku kwa siku. Vipokezi vya gaba huwepo kabla kifaranga hakijaanguliwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwanzoni gaba haitulizi. Seli changa zina kloridi nyingi ndani, hivyo mlango ukifunguka, kloridi hutoka badala ya kuingia, na seli huamshwa. Hali hii imeonekana kwenye uti wa mgongo wa kifaranga kilichomo ndani ya yai. Msisimko huo ni sehemu ya ukuaji, kwani husaidia seli kuungana. Seli zikikomaa, gaba huanza kutuliza.

Watafiti pia wamekuza maabara seli za ubongo wa vifaranga ambao hawajaanguliwa, wakaziacha na dawa za jamii ya diazepamu kwa siku kadhaa. Ushirikiano kati ya dawa na gaba ulipungua. Gaba yenyewe ilipozidi kwa siku nyingi, idadi ya vipokezi ilishuka. Kwa maneno mengine, seli huizoea dawa.

Hii inatuhusu vipi?

Yai si mimba, na kifaranga si mtoto. Lakini binadamu pia ana vipokezi vya gaba, na mazoea hayo humpata pia: kidonge kilichomlaza mtu mwanzoni hakitoshi tena, naye huongeza dozi. Akiacha ghafla, anaweza kukosa usingizi kabisa, kutetemeka, hata kupata degedege.

Diazepamu hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Mama akiitumia karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa amelegea, akashindwa kunyonya au akapumua kwa shida.

Ufanye nini?

• Usinunue wala kuazima vidonge vya usingizi bila ushauri wa mhudumu wa afya.
• Usichanganye na pombe. Pumzi inaweza kusimama.
• Kama umevitumia kwa wiki kadhaa, usiache ghafla. Nenda kituo cha afya upunguziwe dozi polepole.
• Kama una kifafa, usiache dawa zako kwa sababu ya ujauzito. Mweleze mkunga au daktari mapema.
• Kama unanyonyesha, sema hivyo kabla ya kupewa dawa.

Tangu 2013, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watu wazima wasipewe dawa za jamii hii kwa ajili ya kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Kukosa usingizi baada ya uliyoyapitia si aibu wala si wazimu. Zungumza na mhudumu wa afya ya jamii au mshauri nasaha aliye karibu nawe.