Maneno ya Askari wa Marini

Kila kazi ina maneno yake, msomaji, na mgeni huyasikia maneno hayo kama asikiavyo mtu mazungumzo ya nyumba iliyofungwa mlango. Seremala, mvuvi, tabibu, hata sisi walimu, tuna misemo ambayo mtu wa nje huisikia asiielewe. Lakini askari wamewapita wote, na miongoni mwa askari sijui waliopenda kusema kwao kwao kuliko wale wa jeshi la Marini la Marekani. Nataka tuyafungue machache ya maneno yao, kwa maana ndani yake mna historia ambayo vitabu vya vita aghalabu huipita mbio.

Jeshi hilo liliundwa kwa azimio la baraza la makoloni tarehe 10 Novemba 1775, wakati Wamarekani walipokuwa wakipigana na Mwingereza ili wajitawale. Watu wake hawakuwa mabaharia, wala hawakuwa askari wa nchi kavu. Walipandishwa katika manowari ili wapige bunduki kutoka juu ya milingoti, walinde nidhamu chomboni, na washuke pwani kwa vita ilipohitajiwa. Neno letu hili manowari, tukumbuke, tumelipata kwa mabaharia wa Kiingereza. Kwao lilikuwa maneno matatu, yenye maana ya mtu wa vita.

Kwa kuwa jeshi lilizaliwa merikebuni, husema kama lingali merikebuni. Askari wa Marini akaaye katika kambi ya jangwani, asikoona hata ziwa, huiita sakafu ya bweni lake sitaha, na ukuta huuita kiambaza cha chombo. Msala huuita kichwa. Sababu yake ni kwamba katika merikebu za matanga mabaharia walikwenda haja kwenye omo, ndiyo kusema kichwani pa chombo, mahali ambapo mawimbi yalipaosha. Basi kuruti mgeni huamriwa na sajini wake akasugue kichwa, naye asijue aanzie wapi. Liko na neno scuttlebutt, ambalo lilikuwa jina la pipa la maji ya kunywa lililotobolewa. Mabaharia walikutana pipani, wakinywa na kunong'onezana habari za wakubwa. Leo neno hilo moja ni bomba la maji na tena ni uvumi. Msomaji aliyepata kusimama kisimani jioni hahitaji kuelezwa zaidi.

Wenyewe hujiita Shingo za Ngozi, kwa sababu tangu 1798 hata 1872 walivaa shingoni ukanda wa ngozi ngumu, uliomlazimisha mtu kuinua kichwa apende asipende. Jina hilo ni la kweli. Lakini si kila jina lisimuliwalo na askari ni la kweli. Marini hupenda pia kuitwa Mbwa wa Ibilisi, na husimulia kwamba Wajerumani ndio waliowapa jina hilo katika msitu wa Belleau, nchini Ufaransa, mwezi wa Juni 1918, walipouona ushujaa wao. Magazeti ya Marekani yalikuwa yamekwisha kulichapa jina hilo mwezi wa Aprili, kabla vita vya msitu ule havijaanza. Tena lilivyoandikwa kwa Kijerumani katika tangazo la kuandikisha askari lina kosa ambalo Mjerumani asingalilifanya. Sifa itokayo kwa adui ina thamani kuliko ile mtu ajipayo mwenyewe. Ndiyo maana ikatafutiwa adui wa kuitoa.

Tuyaache ya baharini, tutazame maneno waliyoyachukua kwa watu wengine. Mwaka 1898 Marekani ilimshinda Mhispania ikavichukua visiwa vya Ufilipino. Wafilipino, ambao walikuwa wamekwisha kuutangaza uhuru wao, hawakukubali kubadilishiwa bwana, na vita vikali vikapiganwa tangu 1899 hata 1902. Wenyeji walipozidiwa kwa silaha walikimbilia milimani. Mlima kwa Kitagalogi ni bundok. (Usidhani kuwa ni ndugu wa bunduki yetu, bunduki tumeipata kwa Waarabu, na kufanana huku ni kwa bahati tu.) Askari wa Kimarekani, Marini wakiwa miongoni mwao, walilisikia neno hilo kila siku, wakalitamka boondocks, na kwao likawa na maana ya porini, mahali pa mbali pasipo na la maana. Hata viatu ambavyo Marini walivivaa porini katika Vita vya Pili vya Dunia viliitwa kwa jina hilo. Leo Mmarekani yeyote hulitumia kukidharau kijiji kilicho mbali na mji. Katika vita vile vya Ufilipino raia walikufa kwa makumi ya elfu, kwa risasi, kwa njaa na kwa kipindupindu, na wengi wao walikuwa wameukimbilia mlima huo huo ambao jina lake sasa ni dhihaka.

Neno jingine, gung ho, lilitoka Uchina. Ofisa wa Marini aitwaye Evans Carlson alitumwa huko mwaka 1937 kuvitazama vita vya Wachina na Wajapani, akasafiri pamoja na majeshi ya Wakomunisti. Aliona maofisa wakila chakula kile kile cha askari, na askari wakielezwa kwa nini wanapigana. Wakati huo huo palikuwa na vyama vya ushirika vya viwanda, vilivyoanza 1938 kwa juhudi za Rewi Alley, mtu wa New Zealand, pamoja na wenziwe. Jina la vyama hivyo kwa kifupi lilikuwa gung ho: neno la kwanza ni kazi, la pili ni pamoja. Carlson alipopewa kikosi chake mwenyewe mwaka 1942 alilifanya neno hilo kuwa wito wake. Akapunguza heshima walizojiwekea maofisa, akaitisha mikutano ambayo askari wa chini aliweza kusema lililo moyoni. Wakubwa wengi hawakuupenda mtindo huo, na mwaka 1943 akaondolewa katika uongozi wa kikosi. Neno likabaki, lakini maana yake ikaharibika. Sasa mtu wa gung ho ni yule ajitupaye mbele bila ya kufikiri. Neno la ushirika limegeuka kuwa neno la pupa, na kwa maoni yangu jeshi lilipata hasara kwa badiliko hilo.

Hayo yalikuwa maneno mawili matatu yaliyookotwa njiani. Mwaka huo huo wa 1942 Marini walichukua lugha nzima. Wajapani wengi walikijua Kiingereza, nao waliyasikiliza maneno yaliyopelekwa kwa simu ya upepo na kuyafumbua mafumbo yake. Philip Johnston, mtoto wa mmisionari aliyelelewa kati ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa magharibi ya Marekani, alilishauri jeshi litumie Kinavajo, lugha ambayo wakati ule wageni walioijua walikuwa wachache sana. Vijana 29 wa Kinavajo wakaandikishwa, wakapelekwa California, wakaambiwa watunge fumbo.

Hawakusema Kinavajo cha nyumbani tu. Kila herufi ya Kiingereza waliipa jina la mnyama au kitu, herufi ya kwanza chungu mdogo wa ardhini, ya pili dubu, ya tatu paka. Kisha vyombo vya vita, ambavyo lugha yao haikuwa na majina yake, wakavipa majina ya vitu walivyovijua. Manowari kubwa ilikuwa nyangumi. Nyambizi ilikuwa samaki wa chuma, bomu lilikuwa yai, na kombora la mkono lilikuwa kiazi. Ndege ya upelelezi ilikuwa bundi. Gari la vita lenye gamba la chuma, ambalo sisi Waswahili tuliliona likija mbio kwa hasira tukaliita kifaru, wao waliliona likitambaa na nyumba yake mgongoni wakaliita kobe. Uingereza ilikuwa kati ya maji. Afrika waliitaja kwa weusi wa watu wake. Na Marekani waliiita mama yetu.

Mama wa namna gani? Mwaka 1864 jeshi la nchi hiyo hiyo liliwafukuza Wanavajo kwa maelfu kutoka katika ardhi yao, likawaendesha kwa miguu hata mahali paitwapo Bosque Redondo. Wengi walikufa njiani na huko walikofungiwa, na waliosalia hawakurudishwa ila mwaka 1868. Baadaye watoto wao walitiwa katika shule za bweni, ambako aliyesikiwa akisema Kinavajo aliadhibiwa, na wengine waliosuguliwa kinywa kwa sabuni waliishi hata wakatusimulia. Msomaji wa Kenya halioni hilo kuwa jambo la ajabu. Katika shule nyingi za kwetu mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mamake alivikwa kibao shingoni, akakibeba mpaka amnase mwenziwe. Sisi walimu ndio tuliokitundika.

Basi lugha iliyosuguliwa kwa sabuni ndiyo iliyowalinda Marini kutoka Guadalcanal hata Iwo Jima. Wanavajo walioifanya kazi hiyo walifikia kama 400, na maneno ya fumbo yakazidi 400. Katika siku mbili za kwanza za Iwo Jima, mwezi wa Februari 1945, sita miongoni mwao walipeleka na kupokea habari zaidi ya 800 pasipo kosa. Mnavajo mmoja ambaye si wa kikosi hicho alikuwa ametekwa na Wajapani huko Ufilipino. Walimtesa ili awafumbulie, naye hakuweza. Alisikia maneno ya kwao, kobe na viazi na mayai, asijue yanahusu nini.

Vita vilipokwisha waliamriwa wanyamaze, kwa maana fumbo lao lingeweza kuhitajiwa tena. Walirudi nyumbani bila ya kusimulia neno, na waliokaa Arizona na New Mexico hawakuruhusiwa hata kupiga kura mpaka mwaka 1948. Siri ilifunguliwa 1968. Wale 29 wa kwanza walitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2001, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa, na Chester Nez, aliyekuwa wa mwisho kati yao, alifariki mwaka 2014. Nyuma ya nishani hiyo pameandikwa mstari kwa Kinavajo, nao wasema kwamba kwa lugha ya Wanavajo adui alishindwa.