Mguso Unaosubiri na Usiosubiri: Ibada ya Kikatoliki Pongwe na Tanga Wakati wa Korona

Pongwe ipo njiani. Barabara na reli zitokazo Tanga mjini kwenda Muheza zinapita hapo, na penye njia hupita mkonge, saruji, wasafiri na maradhi. Kwa hiyo Machi 16, 2020, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu, mwana wa Tanga, alipotangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana Arusha, habari ile haikuwa ya mbali.

Shule zilifungwa, nyumba za ibada zikabaki wazi. Machi 22, akiwa kanisani Dodoma, Rais John Magufuli alieleza kuwa makanisa na misikiti havitafungwa. Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alisitisha Misa za hadhara jimboni mwake mwezi Aprili. Kwingi nchini waumini waliendelea kukusanyika. Swali likawa moja: tutasali pamoja vipi bila kuambukizana?

Misa imejaa mguso. Muumini huchovya kidole kwenye maji ya baraka yaliyochovywa na mamia kabla yake, hushikana mikono na jirani wakati wa kutakiana amani, kisha hupokea Komunyo. Maaskofu wakaelekeza mguso upunguzwe. Vyombo vya maji ya baraka vikakauka, na mlangoni ikawekwa ndoo yenye koki, na sabuni pembeni. Amani ikatolewa kwa kuinamisha kichwa. Komunyo ikapokelewa mkononi.

Hilo la mwisho liliwagusa zaidi wazee waliolelewa kufumba macho na kufungua kinywa, wakiamini kwamba Hostia hushikwa na padre tu. Kumbe desturi ya kupokea mkononi ni ya kale. Katika karne ya 4, Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu aliwafundisha wabatizwa wapya kuufanya mkono wa kushoto uwe kiti cha enzi cha mkono wa kuume, kwa kuwa unampokea Mfalme. Yaliyoonekana mageni yalikuwa ya mababu wa imani.

Juma Kuu nalo likabadilika. Kwa agizo la Vatikani la Machi 25, ibada ya kuosha miguu Alhamisi Kuu iliachwa, na Ijumaa Kuu msalaba ulibusiwa na padre peke yake. Kanisa lilikwishapita njia hiyo: tauni ilipoishika Milano mwaka 1576, Askofu Mkuu Karolo Boromeo alisimamisha altare barabarani, ili waliofungiwa majumbani waifuate Misa kupitia madirishani.

Lakini upo mguso usiosubiri: ule wa mgonjwa kitandani. Machi 2021, Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, alisema kwamba katika miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, wakiwa na matatizo ya kupumua. Hao ndio watu wa kando ya vitanda vya wagonjwa. Katika Mpako wa Wagonjwa, padre hupaka mafuta kwenye paji la uso na viganja, akitumia kidole gumba. Sheria ya Kanisa inamruhusu atumie chombo panapokuwa na sababu nzito, hata kipande cha pamba. Pamba inaweza kuchukua nafasi ya kidole. Kitandani kwa mgonjwa, lazima mtu afike mwenyewe.